Picha ya Karibu ya Mathe Wako Iko Wapi?

Fungua galari ya simu yako sasa hivi. Tafuta picha moja ya mathe wako ambayo ni uso tu, umejaa skrini yote, hajavaa nguo za harusi ya mtu, hajasimama kando ya keki, na hakuna mtu alikuwa amemwambia acheke. Nakupea dakika mbili.

Umekosa? Hauko pekee yako. Wengi wetu tuko na picha 3,000 kwa simu na ukizipanga ni hivi: skrinshoti za M-Pesa, memu, chakula, selfi 40 za siku moja, na ubao wa darasa uliopigwa picha na haukuwahi kusomwa. Mathe anatokea kama mara sita, zote kwa mstari na mashangazi, mikono imenyooka chini kama mtu anaimba wimbo wa taifa. Budaa ndio kabisa. Budaa wa kawaida Kenya hupigwa picha mara tatu maishani: kitambulisho, harusi yake, na siku mtoto anavaa gauni la kampasi.

Halafu kunakuja usiku ambao picha inahitajika haraka.

Hiyo naijua juu moja ya kazi zinaniwekea chakula mezani ni kupanga vijitabu vya mazishi. Watu hudhani kontenti ndio hulipa renti. Wapi. Naletewa kazi Jumatano jioni, inatakikana kwa printa Alhamisi asubuhi. Kwa grupu ya WhatsApp ya familia mtu anauliza, "Nani ako na picha poa ya mzee?" na kunakuwa kimya. Watu 52 kwa grupu, kimya. Baadaye zinaanza kuingia moja moja. Kitambulisho kimepigwa picha juu ya kitambaa cha meza. Harusi ya binamu, mzee ako safu ya tatu na kofia ya anti fulani imemla shavu moja. Mimi ndio huambiwa niitoe hiyo kofia. Naikata, navuta uso mpaka unakuwa viraka viraka, naupakapaka, naweka mawingu ya buluu nyuma. Hiyo ndio inaingia kwa fremu na kubebwa mbele ya jeneza. Mtu amelea watoto sita, ameendesha matatu miaka 20, na uso wake wa mwisho mbele ya watu ni kipande kilichokatwa kwa picha ya mtu mwingine.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Tuwapige watu wetu picha za karibu, bila kupozi, siku za kawaida, na tuwapige nyingi. Na hizo picha, hasa za watoto, tuzizoee zikikaa nyumbani. Zisiende mtandaoni. Najua kutoka kwa mtu wa kontenti hiyo inakaa kama bucha anakuambia ukule sukuma wiki, lakini nisikize hadi mwisho.

Kwanza, tusiwacheke wazee wetu kwa kupozi. Zamani picha ilikuwa pesa. Rolo ya filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja ililipiwa mara mbili: kununua filamu, halafu kuosha. Ukienda studio ulivaa nguo yako bora kabisa juu hiyo picha moja ndio ingeenda ushago kuonyesha uko sawa mjini. Pale Mombasa, studio ya Parekh ilipiga picha za watu wa Pwani ambazo leo zinaangaliwa kama sanaa, na ni za kupozi kabisa: mavazi, saa mkononi, kidevu kimeinuliwa. Miaka ya tisini wapiga picha wa Likoni walikuwa na vibanda vyenye mandhari yamechorwa nyuma, unapigwa hapo kama uko mbali na Likoni. Uhuru Park, sikukuu ya Krismasi, familia nzima imepangwa kwa urefu. Hizo picha nazipenda. Mathe anatunza moja yake kwa albamu yenye plastiki imeshika vumbi na hakuna mtu anaruhusiwa kuitoa.

Shida ni kwamba filamu iliisha na sisi bado tunasimama kama kila picha inakatwa pesa. Simu haidai kitu. Unaweza piga 30 za mtu akichambua maharagwe, ufute 29, na hakuna mtu amepoteza hata bob.

Sasa, karibu ni wapi? Hapa ndio watu huharibu. Wanachukua ile kamera kubwa ya simu, wanaisukuma mpaka sentimita 30 kutoka kwa uso, halafu wanashangaa kwa nini pua ya mathe inakaa mandazi na masikio yamepotea. Kamera hiyo inaona kwa upana sana, na ukiwa karibu hivyo pua iko mbele ya masikio kwa umbali mkubwa ukilinganisha na mahali wewe umesimama. Kwa hivyo pua inakuwa kubwa na kila kitu nyuma yake kinarudi ndogo. Rudi nyuma kama mita moja na nusu, halafu bonyeza ile 2x. Uso unarudi kuwa wake. Na kuna faida ingine: mita moja na nusu ndio umbali wa kawaida wa watu wanaongea. Mtu hashtuki.

Mwanga pia. Kenya ikweta inapita katikati, kwa hivyo saa sita mchana jua liko juu ya kichwa na macho yanageuka kuwa mashimo mawili. Jioni Nairobi linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na linashuka wima, kwa hivyo ule mwanga laini ambao wazungu wa YouTube wanakuambia usubiri unakaa dakika chache tu halafu giza. Achana nao. Studio yako ni mlango wa jikoni. Mtu akae ndani kidogo, kwa kivuli, uso ukiangalia nje. Wewe ukae kando ya mlango. Nyumba ya mawe, nyumba ya mabati, zote zina mlango, na mwanga wa mlangoni hauchagui. Wale wa bedsita yenye dirisha moja, dirisha hilo ndilo.

Halafu ngozi. Kamera ya simu ikijaa uso mweusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga mpaka shosho anatoka rangi ya jivu. Gusa uso wake kwa skrini, kikijitokeza kile kijua kidogo kivute chini kidogo. Kwisha. Rangi inarudi. Hii si shida ya simu yako ya bei ya chini peke yake, ni historia. Kodak walikuwa wakitumia maabara za picha kadi ya kupimia rangi yenye mwanamke mzungu, kadi ya Shirley, na ngozi yake ndio ilikuwa kipimo cha picha imetoka sawa. Filamu ilipokuja kurekebishwa, moja ya sababu zinazotajwa ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, juu vitu vyao vya kahawia havikuwa vinatoka vizuri. Yaani chokoleti ilisikika kabla ya shosho. Google walileta Real Tone kwa Pixel 6 mwaka wa 2021, ndio ngozi kama zetu zitoke zinavyokaa. 2021! Kwa hivyo usiamini simu inajua rangi ya familia yako. Wewe ndio unajua. Na zima hiyo kitu ya kulainisha uso. Mikunjo ya mzee ameilipia.

Lakini mambo ya mwanga ni rahisi. Ngumu ni watu.

Kuna tofauti kati ya kuvizia na kusubiri. Kuvizia ni kumchapa mtu picha akipiga miayo halafu unacheka na simu ukienda. Ukifanya hivyo mara mbili, mathe hatakaa tena karibu na wewe akiwa na leso. Kusubiri ni tofauti. Unamwambia wazi, "Mathe, wiki hii nitakuwa nikikupiga picha ukiendelea na kazi zako, usinijali." Siku ya kwanza atavuta kitambaa, atakaa wima, atakuuliza kama umeoga. Siku ya pili atakusahau. Siku ya tatu ndio unaanza kupata uso wake mwenyewe, ule anakuwa nao akihesabu pesa ya chama, ule unaingia akisikia gari ya jirani.

Na shosho akisema hapigwi picha na nguo za shamba, hapigwi. Ngoja abadilishe. Mpige hiyo anataka kwanza: wima, mikono kwa mapaja, kitambaa cha kanisa. Mwonyeshe. Afurahie. Halafu usiweke simu mfukoni. Watu wakidhani picha imeisha mabega hushuka, pumzi inatoka, wanaangalia kando na wanaanza stori. Hapo ndio picha iko. Ukimaliza mwonyeshe hiyo pia, na akisema futa, unafuta mbele yake. Bila kupozi haimaanishi bila ruhusa.

Budaa ni wa taarifa ya saa moja. Usimwambie kitu. Kaa upande wa televisheni, mwanga wa skrini unamtosha, na subiri wafike kwa mambo ya bei ya mafuta. Sura zote ambazo mzee wako ako nazo utazipata hapo kwa dakika tano.

Watoto nao, aki, wacha kuwaambia "sema chizi". Hiyo meno unapata si ya mtoto, ni ya utii. Shuka mpaka macho yako yalingane na yake, ulale kwa sakafu ikibidi, na umwache na shughuli. Mtoto akisukwa Jumapili jioni, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya anti, hawezi toroka na hana nguvu ya kupozi. Dakika kumi za kwanza ni machozi na vitisho. Baadaye anakubali, macho yanakuwa mbali, mdomo umefunguka kidogo, kitana kimesimama kichwani kama taji. Nimewapiga wapwa zangu hapo mara nyingi na kila mara nashangaa venye uso wa miaka minne unaweza kuwa na mawazo mengi hivyo. Shikilia ile kitufe, ipige mfululizo. Moja itakuwa yenyewe.

Na hiyo moja, usiiposti.

Najua. Ndio ingepata laiki. Ninajua bei yake kuliko wewe, juu ninaishi kwa hizi vitu: uso wa mtoto wa karibu unasimamisha kidole cha mtu kuliko chochote mimi naweza sema. Hiyo ndio sababu yenyewe. Uso wake ndio unafanya kazi na yeye hajui ameajiriwa. Ufaransa walipitisha sheria mwaka wa 2020 kuhusu watoto chini ya miaka 16 wanaotumiwa kwa video za mtandaoni, pesa yao nyingi inafaa iwekwe kando mpaka wawe wakubwa. Kule Marekani jimbo la Illinois likafuata na yake, ikaanza kutumika Julai 2024. Huku kwetu tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inasema data ya mtoto inataka idhini ya mzazi ama mlezi, na itumike kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Picha inayoonyesha ni nani ni data. Si karatasi tu: mwaka wa 2023 shule moja kule Uthiru ilipigwa faini ya KSh 4,550,000 na Kamishna wa Data kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Albamu ya nyumbani sheria haina haja nayo, mambo ya kibinafsi na ya familia yameachwa nje. Lakini anko mwenye wafuasi 60,000 na tangazo la diapers si albamu ya nyumbani, tusidanganyane.

Mtu ataniuliza, "Na kama mimi ndio mzazi, na nimejipea idhini?" Sawa, sheria iko na wewe. Mimi nauliza kitu kingine. Huyo mtoto akiwa wa sekondari, na ile picha yake analia kwa karai la kuoga iko kwa simu ya kila mtu darasani, idhini yako itamsaidia na nini? Na nyuma ya uso wake kuna yunifomu, kuna geti ya shule, kuna jina la ploti. Wewe unaona mashavu. Mtu mwingine anaona anwani.

Mbaya zaidi ni wale wanachukua nyuso za watoto wa wenyewe. Mnajua hiyo video. Msee wa kontenti ameenda Kibra ama Mathare na pakiti nne za unga, kamera inasukumwa mpaka kwa kamasi ya mtoto, piano inalia nyuma. Huyo mtoto ako na mathe. Ameenda kazi ama ako hapo pembeni anaogopa kusema hapana juu unga bado haijapeanwa. Kupewa unga si idhini. Hiyo hoja najua itanikosesha marafiki kwa hii biashara, na ni sawa.

Pengine picha ya karibu ya mtoto inayojulikana zaidi duniani ni ile ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani. Steve McCurry aliipiga mwaka wa 1984 kwa kambi ya wakimbizi Pakistan, ikawa ukurasa wa mbele wa National Geographic Juni 1985. Ilizunguka dunia nzima. Jina lake, Sharbat Gula, halikujulikana mpaka walipomtafuta na kumpata 2002, akiwa tayari ni mama wa watoto. Miaka yote hiyo hakuwa ameiona hiyo picha. Kila mtu alikuwa na uso wake ukutani isipokuwa yeye.

Mimi kila nikiinua simu karibu na mtoto nafikiria hiyo: ni nani ataona hii kwanza? Kwa familia jibu ni rahisi kupanga. Mwenye uso aone kwanza, halafu nyumba, halafu iprintiwe.

Ndio, iprintiwe. Simu ya Nairobi haina maisha marefu, unajua venye dirisha la matatu hufanya kazi. Google walikuwa wanaweka picha bure bila mwisho, waliacha Juni 2021, sasa ni GB 15 na unashindana na barua pepe zako. WhatsApp inakamua picha inabaki maji, kwa hivyo ukimtumia fundi, itume kama dokumenti. Yule wa picha za pasipoti pale mtaani anaprinti pia, na picha ya saizi ya postikadi haifikii bei ya chipsi. Andika nyuma kwa kalamu: nani, wapi, mwaka. Wapwa zangu kila mmoja ako na bahasha yake. Wakikuwa wakubwa wataamua wenyewe kama dunia ione.

Kwa sebule yetu hakuna picha yangu na gauni. Niliacha kampasi mwaka wa pili, na ukutani kuna nafasi ambayo mathe alikuwa ameitengea hiyo fremu. Msumari bado uko. Hatuongei kuhusu msumari. Nilichompea ni picha 12 zake mwenyewe, za mlangoni mwa jikoni, zimepigwa karibu mwaka mzima. Alizipanga kwa meza kama karata. Tatu alikataa papo hapo, ati shingo, nikazifuta na za kuprinti akararua mwenyewe. Nane ziko kwa kabati. Moja hakusema ameipeleka wapi, na sijamuuliza. Nimeiona tu siku aliniambia nimletee miwani: iko ndani ya Biblia, hapo katikati, amejiangalia sana mpaka kona moja imeanza kukunjika.